Krimu ya ganzi kabla ya kutolewa damu: maoni ya fundi cherehani anayezimia

Naanza na jibu, maana najua kuna mtu anasoma hapa akiwa tayari kwenye benchi la maabara, kadi mkononi, moyo unamwenda mbio. Krimu inafanya kazi. Inatia ganzi kweli kweli. Ila haikufanya kazi niliyoinunulia, na hapo ndipo penye maelezo. Vinginevyo ningeweka nyota zangu nikarudi kwenye pindo za watu.

Mimi ni fundi cherehani, Majengo, hapa Moshi. Nashona sare za shule, magauni ya kipaimara na ya sendofu, na nabana suruali za waliokwenda Memorial wakanunua mitumba bila kujaribu. Wateja wananiita Mama Glory. Umri wangu ni arobaini na kitu, presha iko juu kidogo, na sukari daktari anaitilia shaka. Kwa hiyo kila baada ya miezi kadhaa natakiwa kupimwa damu: sukari ya miezi mitatu, figo, mafuta. Si damu ya kidole, ni ya mshipa. Na mimi sindano ya hospitali ikielekezwa mkononi kwangu, naanguka. Siigizi. Masikio yanavuma, jasho jembamba linashuka mgongoni, taa inafifia, halafu nashtukia niko sakafuni na mtu ananipepea kwa faili langu mwenyewe.

Kabla hamjasema: ndiyo, nashika sindano kutwa. Utani huo kila nesi anadhani kaubuni yeye.

Tena ngoja niwaambie kitu kuhusu hizo sindano, maana nimezichunguza kwa jicho la kazi. Kwa jinzi na kitambaa kizito cha sare naweka sindano ya cherehani namba 16, ambayo unene wake ni milimita moja. Kwa kitenge namba 14, milimita 0.9. Sindano ya kawaida ya kutolea damu ni namba 21, na unene wake ni milimita 0.8. Yaani ni nyembamba kuliko ile ninayoshonea kitenge! Kumbe namba zao zinakwenda kinyume na zetu. Kwetu namba ikipanda sindano inanenepa, kwao ikipanda inakonda. Namba 23 ni kama milimita 0.6. Zile za insulini, namba 31, ni robo ya milimita, hakuna uzi wangu ungepita humo. Nilipolijua hilo nilidhani nimepona. Wapi.

Na sindano ya cherehani imeshaniingia kidoleni, ikapita kwenye kucha ikatokea upande wa pili. Nilipiga kelele ya kusikika hadi kwa muuza mkaa, nikazungusha gurudumu kwa mkono sindano ikapanda, nikafunga kidole kwa kipande cha bitana, nikamalizia pindo kwa sababu mwenye gauni alikuwa amesimama pale pale na gari la harusi linamsubiri. Iliuma mpaka usiku. Sikuzimia. Hilo mlishike, nitalirudia.

Hapa kwetu mtu wa aina yangu haeleweki. Watu wanapenda sindano. Mgonjwa akitoka hospitali na vidonge tu anaona hajatibiwa, mama mkwe wangu huwa anamwambia daktari wazi wazi, "Mwanangu, nichome tu iishe." Nami nilikulia enzi za klorokwini: ukitapika vidonge, unachomwa. Kikohozi kikizidi, PPF, ile sindano ya penisilini, makalio yanakuwa mazito huwezi kukalia kigoda. Na nyumbani mtoto akikataa kula: "Kula, la sivyo namwita daktari akuchome sindano." Sote tumeambiwa hivyo na wengi wetu tunawaambia wanetu hadi leo. Halafu tunashangaa mtoto akiona koti jeupe anajificha nyuma ya kanga. Mimi kwa Glory nilijizuia nisiliseme hilo hata mara moja, na walipokuja shuleni kwao na chanjo ya HPV, ile iliyoanza nchi nzima 2018 kwa wasichana wa miaka 14, alichanjwa akarudi akiomba hela ya chipsi. Mtoto wangu jasiri kuliko mimi, na sioni haya kulisema.

Basi. Mtoto wa dada yangu anasoma udaktari pale KCMC, ndiye aliyeniambia: "Mama mdogo, kuna krimu ya ganzi. Unapaka saa nzima kabla, husikii kitu." Nikasema kumbe dawa ipo na watu wananitazama tu nikianguka!

Kuipata si rahisi kama alivyosema. Maduka ya dawa muhimu ya mtaani hawana. Dada mmoja alinitolea dawa ya kuchua mgongo akasisitiza ni ile ile, inapoza. Si ile ile. Nilizunguka mjini, Double Road hadi huku karibu na Mawenzi, ndipo nikaipata kwenye famasi yenye mfamasia mwenyewe amekaa. Unachotafuta ni boksi limeandikwa lidokeini asilimia 2.5 na prilokeini asilimia 2.5. Jina lililozoeleka duniani ni EMLA, imetoka Uswidi, lakini viwanda vingine vinatengeneza mchanganyiko huo huo na yangu ilikuwa ya hivyo. Tyubu ya gramu 30, nililipa shilingi 18,000. Nilijaribu kupunguziwa, akacheka. Kwa bei hiyo mimi nashona sketi ya sare na chenji inabaki, kwa hiyo niliibeba kwa heshima.

Mfamasia nampa sifa zake. Hakuniuzia mpaka ameniuliza: Kuna dawa ya ganzi iliwahi kukudhuru, labda kwa daktari wa meno? Umewahi kuambiwa una upungufu wa G6PD, kile kimeng'enya kinachokinga chembe nyekundu za damu? Unatumia dawa za jamii ya sulfa, au dapsoni? Nikamuuliza sulfa inahusiana nini na ngozi ya mkono. Akanieleza kwamba hiyo prilokeini ikiingia mwilini kwa wingi inaweza kuibadilisha damu ishindwe kubeba oksijeni vizuri, na hizo nyingine zinaweza kuchangia. Ndiyo maana kwa mtoto mchanga haipakwi mpaka daktari aseme, na kwa mtoto mdogo kuna kipimo, humwagi. Usipake kwenye kidonda, usipake karibu na jicho. Mwenye kuiuza bila kuuliza chochote, mimi ningemwachia tyubu yake.

Namna ya kutumia, kwa maneno yangu. Hupaki kwa kusugua kama mafuta ya mgando. Unaweka fungu nene, kama gramu mbili, pale kwenye kiwiko kwa ndani ambapo mshipa unaonekana, halafu unafunika kwa nailoni isipitishe hewa na kubandika plasta pembeni. Ukiiacha wazi inakauka tu na ganzi haishuki. Baadhi ya maboksi yana plasta yake maalumu, langu halikuwa nayo, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 2019 nyumbani kwangu nailoni imekuwa bidhaa adimu. Nikanunua ile ya kufunikia chakula kwenye supamaketi. Paka mikono yote miwili, maana wewe huwezi kumchagulia mtu wa maabara mshipa. Acha saa moja kamili, si dakika ishirini. Baada ya saa moja ganzi inashuka kama milimita tatu ndani ya ngozi, ukiongeza saa nyingine inafika kama tano, na ukishafuta inabaki saa moja au mbili. Mshipa wa kiwikoni hauko mbali, kwa hiyo inatosha. Sindano ya begani ni habari nyingine, ile inakwenda kwenye msuli. Ngozi haitasikia kuchomwa lakini dawa ikisukumwa utaisikia.

Mimi nilipaka saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nikavaa sweta la mikono mirefu juu ya nailoni, nikapanda daladala. Ilikuwa Julai, Moshi baridi, hakuna aliyeniuliza kwa nini natembea mikono imenyooka.

Sasa kile kituo cha kwanza. Sikitaji, na wala si cha kutajwa. Nesi aliona nailoni akaita wenzake waje waone. "Mama mtu mzima, una watoto, ulizaaje?" Jibu ninalo lakini si la kuandikwa hapa. Nikakalishwa kwenye kiti kisicho na mkono, nikafutwa krimu, nikafungwa mpira, nikageuka ukutani. Akanichoma. Na nawaapia, sikusikia. Nilisikia kuguswa, mtu anabonyeza kwa kidole, basi. Nikafikiri hajaanza. Nikageuza shingo kumuuliza, nikaona mrija umejaa damu yangu.

Niliamka chini.

Nimeumia bila kuzimia, na nimezimia bila kuumia. Hiyo ndiyo hesabu niliyokwenda nayo kwa mtoto wa dada yangu, na elfu kumi na nane yangu. Akafikiri kidogo akasema, "Mama mdogo, basi shida yako si maumivu." Akanichorea kwenye karatasi ya kukatia mitindo. Mtu anayeogopa nyoka, moyo unakwenda mbio, presha inapanda, mwili unajiandaa kukimbia. Huyo anatetemeka lakini hazimii. Sisi wa damu na sindano mwili unaanza hivyo hivyo, halafu ghafla unageuka: mapigo yanashuka, presha inaporomoka, damu inatuama miguuni, ubongo unapungukiwa, unaanguka. Nikamwambia mimi nina presha ya kupanda! Akasema haizuii, kuporomoka kwa dakika moja kunampata yeyote. Na akasema huwa inatembea kwenye ukoo. Hapo nikamkumbuka marehemu baba, mwanamume wa Machame, mbuzi wa sikukuu anachinja mwenyewe bila kusaidiwa, lakini nesi akija na trei anatoka nje "kukagua migomba."

Kwa hiyo krimu inatibu ngozi. Kinachoniangusha mimi hakiko kwenye ngozi. Mtoto anayelia kwa sababu inauma, krimu ni yake. Mtu mzima anayejikaza hadi jino linauma lakini haanguki, krimu ni yake pia. Anayeanguka anahitaji kitu cha pili, na hicho cha pili ni bure.

Kinaitwa kukaza misuli. Mwanasaikolojia wa Uswidi, Lars-Göran Öst, na mwenzake walikieleza mwaka 1987 kwa ajili ya watu kama mimi hasa. (Uswidi tena. Sijui Waswidi wana nini na sindano.) Unakaza mapaja, makalio, tumbo na mikono, unabana kwa sekunde kumi hadi kumi na tano mpaka usikie uso unapata joto. Unaachia, lakini hulegei kabisa, unarudi tu kawaida. Unasubiri sekunde ishirini au thelathini, unarudia, kama mara tano. Presha inapanda kidogo na ile damu ya miguuni inarudi juu. Ufanye kabla, wakati, na baada. Mkono unaochomwa ndio peke yake usiukaze, uachie, ukaze vingine vyote. Nilimuuliza daktari wangu kwanza kwa sababu ya presha yangu, akasema kwa kiwango changu sawa. Wewe mwenye moyo, mjamzito, au presha isiyotulia, muulize wako.

Mnaona sasa kituko? Maisha yangu yote kila aliyenishika mkono hospitalini ameniambia, "Legeza mwili, mama. Pumua. Legea." Kwa mtu wa aina yangu kulegea ndiko kuanguka kwenyewe.

Nilijifunzia kibarazani, nikisubiri pasi ipate moto. Mwanafunzi wangu wa ushonaji alidhani nimepatwa na choo.

Safari iliyofuata nilibadilisha mahali, na huku ndiko ninakotaka mjue. Ni maabara ndogo ya binafsi mjini, ghorofani, juu ya duka la vitambaa ninakonunua bitana. Mwenye duka ndiye aliyenielekeza. Jina kijana wa maabara ameniomba nisiliandike. Anayelitaka aje kibarazani kwangu nimwelekeze kwa mdomo. Ngazi zao ni mwinuko, mzee mwenye magoti mabovu atataabika. Bima hawapokei, ni pesa taslimu au ya simu. Lakini wana kitanda.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi huwa naanguka."

Hakucheka. Akauliza, "Huwa unaanguka kabla haijaingia, ikiwa ndani, au baadaye ukisimama?"

Miaka yote hii hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nikamwambia ikiwa ndani, nikiona damu. Akasema, "Basi leo utalala, na damu hutaiona." Akaniuliza kama nimekunywa maji. Nilikuwa sijanywa tone tangu usiku kwa sababu nimeambiwa nije bila kula. Kumbe maji matupu yanaruhusiwa, na kwa anayezimia yanasaidia. Akanipa chupa, ninywe taratibu, tukakaa. Waelezeni wazazi wenu hili. Wazee wetu wakiambiwa wafunge wanafunga kama Ramadhani.

Alipofuta krimu ngozi ilikuwa nyeupe, na mshipa umejificha. Hicho ndicho kilema cha krimu hii ambacho boksi linakitaja kwa maandishi madogo: inaweza kubana mishipa ikapotea, na mtu mwenye haraka atakuchokonoa akitafuta. Huyu hakuwa na haraka. Alining'iniza mkono pembeni ya kitanda, akaufunika kwa kitambaa cha vuguvugu, akaenda kumhudumia mtoto mwingine, akarudi. Mshipa ulikuwa umesimama.

Akaniambia, "Mama, sitakudanganya kwamba hutasikia kabisa. Nikianza nitakwambia. Ukisema acha, naacha." Hiyo "naacha" ilinishusha bega. Akachukua batafulai, ile sindano fupi yenye mabawa ya plastiki na mrija mwembamba, namba 23. Akanionyesha ikiwa bado kwenye pakiti yake, nikamwambia hiyo ni nyembamba kuliko sindano yangu ya hariri, akasema hakulijua hilo. Kanga yangu akaitandaza kama ukuta kati ya macho yangu na kiwiko. Nikaanza kukaza: mapaja, makalio, tumbo, mkono wa kushoto. Uso ukapata joto. Akasema, "Naanza." Nikasikia kidole. Akaniuliza siku hizi sare ya kidato cha kwanza ni shilingi ngapi. Nikamwambia inategemea shule, wengine wanataka marinda ya sanduku, hayo yanakula kitambaa, na walimu wakuu wanabadilisha rangi ya sweta kila wakijisikia. Nikaendelea kumweleza, nakaza, naachia, naeleza. Masikio yakaanza kuvuma kidogo, yeleuwi, nikajua ndiyo hiyo inakuja, nikakaza kwa nguvu zote mpaka kitanda kikalia. Mvumo ukapita.

"Tayari mama."

Chupa tatu: ya kifuniko cha zambarau kwa ile sukari ya miezi mitatu, ya kijivu kwa sukari ya asubuhi, na ya njano kwa figo na mafuta. Nilimuuliza kwa nini miezi mitatu, akanijibu kwamba chembe nyekundu ya damu inaishi siku zinazokaribia 120, na sukari inaning'inia juu yake muda wote huo, kwa hiyo huwezi kuwadanganya kwa kuacha soda wiki moja. Sikuwa nimeuliza hilo la soda. Hakuniruhusu kukaa haraka. Nililala, nikakaza mara chache, nikakaa, nikaning'iniza miguu, ndipo nikasimama. Nilishuka zile ngazi kwa miguu yangu nikapita dukani nikanunua bitana.

Lawama ndogo: majibu waliniahidi saa sita, yakaja jioni. Na kitanda kiko karibu na mlango wa kuingilia na pazia ni fupi, halifiki mwisho. Aliyekata kitambaa hakuacha upindo. Nilipokuwa nakaza makalio pale, bwana mmoja mwenye kikombe cha mkojo alinitazama kwa masikitiko.

Nirudi kwenye krimu, kwa wanaotaka kujua kama itawafaa kwa kipimo cha kidole, maana daktari sasa amenipa na kale kamashine ka nyumbani. Haikufai. Ngozi ya ncha ya kidole ni nene na krimu haishuki vizuri. Nilipata kidole chenye hisia za ajabu na bado kikauma. Kwa fundi cherehani ni hatari juu ya hasara, kidole kisichosikia vizuri kinaingia chini ya mguu wa cherehani hujui. Kinachosaidia ni kuchoma pembeni ya kidole, si katikati ya nyama ambapo hisia ni nyingi, na kubadilisha vidole. Mimi nachoma cha pete na cha mwisho mkono wa kushoto, ambavyo havishiki kitambaa. Kwa kidole sizimii kabisa. Msiniulize kwa nini, mtoto wa dada yangu naye alikuna kichwa.

Swali nililoulizwa zaidi kibarazani: je, ingetosha kukaza misuli bila krimu? Kwangu, nadhani ndiyo, siku hizi naipaka kwa sababu nimeshainunua na kwa sababu ganzi inaninyima kisingizio kimoja. Mtoto wako anayelia, nunua. Wewe unayeanguka, anza na kitanda na kukaza, ubakize hela. Na popote utakapokwenda sema mapema, dirishani, kabla hujakaa: "Mimi huwa nazimia, naomba kulala." Wakikucheka, damu yako bado ni yako, beba ukatafute kwingine.

Krimu: nyota tatu kati ya tano. Ingepata nne kama plasta yake ingekuwa ndani ya boksi. Mfamasia: nne, ya tano ameipoteza kwenye bei. Kijana wa maabara: tano zote. Kile kituo cha kwanza wajikadirie wenyewe.

Tyubu yangu imebaki zaidi ya nusu. Dada wa saluni ya jirani ameshaniomba awe anawapaka wateja wanaokuja kutoga masikio, nimemkatalia. Hata hajui kuuliza habari za G6PD. Na lile pazia nimewaambia maabara nitawashonea, ufundi bure, wanunue kitambaa tu: mita tatu, upana wa mita moja na nusu, na kisiwe chepesi.